Kengele Iliyofuata Maji

Saa ya mezani ilianza kulia yenyewe ndani ya sanduku huku lori likipanda kilima cha mwisho, na abiria wote waliosinzia juu ya magunia ya ufuta wakaamka wakidhani breki zimekatika. Mwalimu Ambrosi akaomba radhi upande wa kulia, akaomba radhi upande wa kushoto, akafungua sanduku na kuinyamazisha. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi. Akaandika hivyo katika daftari lake, maana alikuwa mtu wa kuandika saa.

Mwaka huo wa hamsini na tatu alikuwa na miaka ishirini na saba, na hii ilikuwa shule yake ya kwanza ya kuisimamia mwenyewe. Alizaliwa juu, kwenye uwanda wa Makonde, akasomeshwa na mapadri huko huko juu. Bahari alikwisha kuiona mara moja Lindi, kwa mbali, kama mtu anavyomwona mama mkwe. Sasa lori lilimshusha kando yake, katika kijiji kiitwacho Horini, kusini kidogo ya Kiswere, likaondoka na vumbi lake.

Mtu akishushwa mahali asipopajua hutafuta alama ya kumwambia kwamba amefika. Unguja ni harufu ya karafuu, Adeni ni jua linalokuchapa kofi usoni. Horini alama ilikuwa mzee mmoja mfupi, mwenye shuka iliyopakwa masizi, aliyekuja akikimbia na mwiko mkononi.

"Shikamoo, mzee," alisema Ambrosi.

"Marahaba. Ndiye mwalimu mpya? Kabila gani, mwanangu?"

"Mmakonde."

Mzee akainua mwiko juu. "Alhamdulillahi! Mtumwa wangu kaletwa mpaka mlangoni, na nauli kajilipia mwenyewe!" Akamvua mwalimu kofia, akaivaa. "Mimi Abilahi Mfaume, Mmwera wa Milola. Beba sanduku lako tukaione shule yangu."

Hapo pakawa hapana la kufanya. Kati ya Wamwera na Wamakonde uko utani wa tangu mababu, na mtani akikuvua kofia hukasiriki. Ukikasirika umejivunjia heshima mwenyewe. Unaikomboa kwa kuku, ama unangoja siku yako. Ambrosi akabeba sanduku.

Katika karatasi za serikali, Abilahi alikuwa mpishi wa uji na mpiga kengele. Maisha yake yote yalikuwa sufuria. Aliwapikia Wajerumani katika vita vya kwanza, akakamatwa na Waingereza akiwa anawapikia Wajerumani, na kesho yake asubuhi akawapikia Waingereza kwa kuni zile zile. Alipoulizwa ni wepi waliokuwa wema, alijibu kwamba wote walilalamika chumvi. Alikaa mashamba ya mkonge akipikia manamba, akaoa Kiswere, akafiwa na mke, akamwoza bintiye Mastura kwa fundi cherehani wa Lindi. Kisha akaja Horini kumpikia mwalimu mmoja kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili zilikuwa zimetimia miaka kumi na moja.

Kusoma hakujua, lakini alikuwa na daftari lake la mahudhurio. Kwenye ukuta wa jiko vilining'inia vifuu sitini na viwili, kila kifuu na msumari wake, na kila kimoja na alama yake ya kisu. Kila mtoto alichukua chake, akanywa uji, akakisuuza, akakirudisha. Kifuu kilichobaki ukutani bila kushushwa kilikuwa mtoto asiyejulikana aliko, na Abilahi hakuketi mpaka ajue. Ni homa? Atapeleka uji nyumbani. Ni mjomba kamwita shamba? Atakwenda kumtukana mjomba. Wazazi wa Horini walimwogopa kuliko akida.

Ambrosi alifungua sanduku, akaweka saa juu ya meza na kando ya saa akapanga fimbo sita mpya za henzirani alizonunua Lindi. Hakuwa mkatili. Alikuwa na hofu tu. Mwisho wa mwezi uliofuata Bwana Elimu angekuja kukagua, na shule ambayo wanafunzi wake hawako darasani saa mbili kamili ingefungwa, watoto watawanyike na mwalimu arudishwe kuwa msaidizi wa mtu. Ambrosi alikwisha kuwa msaidizi wa mtu kwa miaka minne. Ilimtosha.

Jumatatu ya kwanza kengele ililia saa moja na nusu, kwa amri yake. Watoto hamsini na mmoja walikuwapo. Kumi na mmoja walifika saa tatu na robo, wakiwa wameloa mpaka magotini, na mbele yao msichana wa miaka tisa aitwaye Kibibi, amembeba mdogo wake mgongoni.

"Mmetoka wapi?"

"Ng'ambo, mwalimu," alisema Kibibi, na kwa Kibibi maelezo yalikwisha hapo.

Jumanne walifika saa nne na dakika tano, Jumatano saa tano kasoro dakika tano. Ambrosi aliziandika saa hizo na kuzitazama. Watoto wavivu huchelewa ovyo ovyo, leo sana na kesho kidogo. Hawa walichelewa kwa hesabu! Kila siku waliongeza dakika hamsini, kama waliokubaliana. Huu ulikuwa mgomo, tena mgomo wenye katibu.

Akawachapa wawili wawili, fimbo mbili kila mmoja, akaandika katika daftari la adhabu kama sheria ilivyotaka. Kibibi alinyoosha mkono, akamnyooshea na mdogo wake mkono wake, kisha akauliza kama uji bado upo.

Asubuhi ya Alhamisi fimbo zote sita hazikuwapo mezani. Ambrosi alizikuta jikoni. Abilahi alikuwa amezipasua katikati na alikuwa akizifuma kwa kamba ya ukindu, akiimba.

"Mzee! Fimbo zangu!"

"Fimbo zako zipi, mtani? Hili ni dema. Tazama lilivyokaa vizuri. Samaki wa hapa hawajawahi kunaswa na kitu cha dukani."

"Ni mali ya shule!"

"Na samaki watakuwa wa shule. Unakasirika?"

"Sikasiriki," alisema Ambrosi, akijaribu kuchomoa moja.

"Ukitaka kuzikomboa, kuku mmoja kila fimbo. Mwenye vidole vitano miguuni, si wale wa kwenu wanaofugwa juu ya miti kwa kiu."

"Nataka kujua tu," alisema Ambrosi, "hao watoto wa ng'ambo huchelewa kwa nini?"

Abilahi akaacha kufuma. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane aliongea bila kucheka. "Ni bahari, mwalimu. Kuna hori kati yetu na wao. Maji yakipwa wanavuka kwa miguu, yakijaa hawavuki. Na maji kila siku yanachelewa kuliko jana."

Ambrosi akamtazama mtu aliyevaa kofia yake na kushika fimbo zake zilizopasuliwa. Kisha akacheka kwa uchungu. "Bahari inachelewa! Nayo imepitiwa na usingizi? Mzee, sisi kwetu maji hatuna, lakini akili tunazo. Kamwambie mtani mwingine."

Hilo ndilo baya la utani. Unaweza kumnyang'anya mtu kofia, lakini huwezi tena kumpa ukweli. Ambrosi alikuwa akitukanwa tangu Jumapili kwamba Wamakonde huoga kwa umande na kwamba babu yake aliogopa bakuli la maji. Sasa aliletewa bahari isiyojua saa, akaiweka kwenye kapu lile lile. Na kijijini kote hapakuwa na mwingine wa kumweleza. Mwalimu aliyetangulia, Salumu, alikuwa mtoto wa pwani. Aliamuru kengele ipigwe kwa kutazama hori na hakuiandika habari hiyo popote, maana nani huandika kwamba jua huchwa? Watu wa Horini walidhani mwalimu mpya anajua na ameamua kuwa mkali. Tena wengine walimsifu.

Wiki ya pili mambo yalibadilika ghafla. Jumatatu alfajiri Ambrosi alitoka na mswaki mdomoni, akawakuta watoto kumi na mmoja wamelala barazani kwa shule kama samaki kwenye uchaga. Walikuwa wamefika kabla ya jua, mchanga wa hori miguuni. Jumanne vile vile, na wiki nzima hakuchelewa hata mmoja. Ambrosi akamwandikia rafiki yake barua: *Utoro nimeukomesha. Siri ni uthabiti.* Akaisoma kwa sauti jikoni.

"Uthabiti," alisema Abilahi, akikoroga. "Ngoja mwezi uandame."

Mwezi ukaandama. Jumatatu ya wiki ya tatu watoto wa ng'ambo waliingia saa tatu na robo.

Ambrosi hakuwa na fimbo, wala kuku. Alikuwa na mlango. Akatangaza mbele ya shule nzima kwamba kuanzia kesho mlango utafungwa saa mbili kamili, kiranja ataita majina, ufunguo atakaa nao Abilahi, na atakayekuta umefungwa hatanywa uji na jina lake litafutwa. "Asifunguliwe mtu yeyote!" alisema. "Hata aje nani." Kisha shule ilipotoka, saa sita na nusu, akafuatana na watoto wale kwenda kuonana na wazazi wao. Walipita juu ya mchanga mgumu wenye madimbwi madogo na kaa wengi. Ambrosi alitembea na viatu vyake akajisemea kwamba kumbe si mbali hata kidogo. Robo saa tu! Uvivu mtupu.

Huko ng'ambo wazazi walimpa mkeka na madafu, naye akawahutubia. Alisema juu ya wakati. Alisema juu ya mataifa yaliyoendelea na namna yanavyoamka. Baba yake Kibibi, Rashidi mvuvi, alinyoosha shingo mara mbili kutazama nje, akaona si adabu kumkata mwalimu kauli. Saa nane na nusu Ambrosi aliaga, akashuka na njia aliyokuja nayo, akasimama.

Hapakuwa na njia. Palikuwa na maji mapana, ya kijani, yanayokwenda kwa haraka kana kwamba yana kazi. Akajua amepotea. Akaenda kushoto, mikoko. Akarudi kulia, mikoko. Kibibi alikuwa akimfuata nyuma kwa heshima.

"Kibibi, ile njia tuliyopita iko wapi?"

"Ndiyo hii, mwalimu."

"Ile ya mchanga."

"Mchanga uko chini."

Ambrosi akatazama miguuni. Nyayo za viatu vyake zilikuja kutoka majini, moja, ya pili, ya tatu. Alipokuwa akizitazama, wimbi dogo lilikuja likachukua moja.

Ng'ambo ya pili, mbali, mtu aliyevaa kofia alikuwa ameketi juu ya ndoo. Sauti yake ilivuka maji vizuri sana. "Mtaniii! Kunywa yote upite!"

"Leteni mtumbwi!"

"Mitumbwi iko baharini mpaka kesho! Uthabiti, mwalimu! Uthabiti!"

Akalala kwa Rashidi. Alikula vizuri, na hakulala vizuri, maana sasa alikuwa akipiga hesabu. Dakika hamsini. Dakika hamsini.

Alfajiri aliamshwa na minong'ono. Watoto walikuwa wakijitayarisha kimyakimya ili wasimwamshe mgeni. Akawafuata. Anga ilikuwa nyeupe na hori limejaa. Kibibi alikuwa amefunga madaftari ndani ya kanga, ameitwika kichwani, na mdogo wake amekaa mabegani mwake akimshika masikio. Alikwisha kuingia. Maji yalikuwa kifuani, hatua moja tena yakawa shingoni, naye akainua kidevu na kuendelea kama mtu anayepanda ngazi.

Ambrosi hakumbuki alivyofika. Alikuwa hajui kuogelea, hajui mchanga ulipoishia, na viatu alikuwa navyo. Alimkamata Kibibi kwa kanga, akamkamata mdogo kwa mguu, akawavuta nyuma huku akimeza chumvi na kupiga kelele kwa Kimakonde.

"Unakwenda wapi, mtoto wewe? Unakwenda wapi?"

"Shule," alisema Kibibi, akishangaa. "Mwalimu alisema mlango saa mbili."

Ambrosi aliketi kwenye matope. Watoto wakaketi pia, maana mwalimu ameketi. Mdogo wake Kibibi akaanza kuchimba kaa. Wakangoja hivyo, kumi na wawili, mpaka maji yalipoona yametosha yakaanza kuondoka.

Waliufikia mlango wa shule saa nne na dakika tano. Ulikuwa umefungwa. Ndani sauti ya kiranja ilikuwa ikisoma majedwali ya kuzidisha. Abilahi aliketi kizingitini, ufunguo shingoni.

"Fungua, mzee."

"Amri ya mwalimu mkuu. Hata aje nani."

"Mimi ndiye mwalimu mkuu!"

"Mwalimu mkuu ni mtu wa saa," alisema Abilahi, akimtazama kuanzia nywele zenye mchanga mpaka viatu vinavyotoa maji. "Wewe umelowa, umechelewa, na una tope masikioni. Kwenye daftari wewe ni mtoro."

Madirishani zilijaa nyuso. Ambrosi akazitazama. Halafu akacheka, kwanza puani, kisha tumboni, akashika nguzo. "Basi, mtani, umeshinda. Lakini wangekufa, mzee. Uliniambia, nikacheka."

Abilahi naye akaacha mzaha. "Hata mimi nilikosa. Nilipaswa kukurudishia kofia kwanza, ndipo niseme." Akasimama, akafungua. "Ingieni mnywe uji."

Jikoni, kwenye msumari mpya, palikuwa na kifuu cha sitini na tatu.

Tangu siku hiyo kengele ikafuata maji. Katika siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ililia saa tatu, saa nne, hata saa tano, na watoto wa Horini walikwenda kwanza kupalilia. Maji mabovu, yale madogo ya nusu mwezi yanayopwa usiku na alasiri, yalipokuja ililia mapema. Kila jioni Ambrosi alishuka horini kuchomeka vijiti mchangani na kuandika, Abilahi kando yake akimkosoa na kulitukana kabila lake. Walivua kwa lile dema pia, na ijapokuwa ni aibu kusema, henzirani zilinasa vizuri.

Bwana Elimu alifika kabla ya siku yake, wiki mbili baadaye, saa mbili asubuhi, maji yamejaa. Shule ilikuwa tupu. Mwalimu alikutwa pwani, suruali imekunjwa, akipima kina kwa rula.

Kiswahili cha Bwana Elimu kilikuwa cha vitabuni, safi kama sahani ambayo haijapata kuliwa chakula. Alimsikiliza Ambrosi mpaka mwisho. Alitazama madaftari ya maji, saa kwa saa. Kisha akavua miwani.

"Mimi nimezaliwa kando ya bahari, mwalimu. Naelewa kabisa. Lakini fomu haielewi." Akaionyesha. "Shule iliyofungua nje ya saa lazima iandikiwe sababu. Sababu ni nne: maradhi, njaa, mafuriko, ama upungufu wa watumishi. Bahari haimo. Nisipoandika sababu, Dar es Salaam wataifunga."

"Andika mafuriko, bwana."

"Kila siku, mara mbili?"

Jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Abilahi akatoka akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, akamwamkia mti, akasimama mbele ya farasi wa mbao wa mazoezi ya viungo.

"Bwana Elimu, shikamoo."

"Niko huku, mzee."

"Aa. Mimi ndiye mpiga kengele. Kosa ni langu. Macho yamekwisha, saa siioni. Napiga ninapohisi."

"Mzee Abilahi!" alisema Ambrosi.

"Nani huyo? Sauti ya Mmakonde."

Bwana Elimu alimtazama mzee kwa muda mrefu. Jana yake mchana, akipita na gari, alikuwa amemwona mtu huyu huyu akimwonyesha mtoto pweza ndani ya shimo lake, hatua thelathini mbali. Akavaa miwani, akaandika, na akasoma alichoandika: *Mtumishi mgonjwa. Mpiga kengele haoni saa. Saa za shule zitakuwa za muda, kwa busara ya mwalimu, hadi mtumishi huyo atakapopona na kurudi kazini.*

"Lakini nikiandika mgonjwa," aliongeza kwa upole, "sina budi kumpeleka hospitali Lindi. Leo. Ndiyo kanuni."

"Na nisipopona?" aliuliza Abilahi.

"Saa zitaendelea kuwa za muda."

Mzee akalipima jambo hilo kama anavyopima chumvi, kidogo kwenye ulimi. Kisha akaenda kufunga mkeka wake.

Ambrosi alimfuata jikoni. "Nenda wapime, urudi. Tutatafuta njia nyingine."

"Hapana njia nyingine. Nikirudi na macho, kengele inarudi saa moja na nusu, na Kibibi anarudi majini. Mastura ananiita tangu mwaka juzi. Nitakaa kwa fundi cherehani, nimwambie anakata vibaya." Akamwita Kibibi, akampa mwiko. "Wewe utaangalia vifuu. Kikibaki kimoja?"

"Sikai chini, babu."

"Mpaka?"

"Mpaka nijue."

"Na huyu mwalimu kifuu chake ukikikuta ukutani, usiende mbali. Katafute pwani, amekwama."

Ambrosi alitaka kusema maneno ya maana. Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, lakini mbele ya mtani hayakutoka. Akasema, "Nenda salama, mtumwa wangu. Lindi wafiche masufuria."

"Ahaa!" Abilahi alimshika bega. "Sasa umekua."

Akapakiwa nyuma ya gari, akiongozwa mkono na dereva, akijikwaa kwa ufundi kila hatua. Shule nzima ilijipanga barabarani. Wengine walilia, wengine walikuwa wakitazama kama kweli ni kipofu. Gari likaondoka polepole kwa ajili ya mchanga. Lilikwisha kufika mbali kwenye minazi Abilahi aliposimama ghafla nyuma, akanyoosha kidole.

"Kibibi! Mdogo wako kaketi juu ya siafu! Mguu wa kushoto!"

"Huoni, mzee!" Ambrosi alikuwa akikimbia nyuma ya gari, akipunga mikono yote miwili. "Huoni! Kaa chini!"

Mbele, Bwana Elimu alikuwa ameinamisha kichwa juu ya karatasi zake na hakugeuka. Abilahi akafumba macho kwa haraka, akaketi, na gari likaingia kwenye kona. Ambrosi alisimama katikati ya barabara mpaka pumzi ikarudi. Nyuma yake mtoto alikuwa akiruka kwa mguu mmoja, na Kibibi akimpangusa siafu mguu wa kushoto.

"Mwalimu," alisema Kibibi, "maji yanapwa. Nani anapiga kengele?"